Kikohozi cha mgodi kipate jina



Hapa Kipese mtu akikohoa miezi mitatu, jibu ni moja: "Ni vumbi tu, itaisha." Anaenda kwenye duka la dawa, anapewa vidonge, analala vizuri siku mbili, kisha anarudi shimoni. Sisi wa sindika tunasema hapana. Kikohozi kisicho na jina hakitibiwi, na tena hakilipwi.

Juu ya nini? Juu kuna magonjwa matatu yanayofanana. Pumu, ile wengi wanaita asma, inabana kifua na kupiga mluzi, inakuja na kuondoka, mara nyingi usiku ao karibu na moshi na vumbi. Kifua kikuu kinaleta homa, jasho la usiku na kukonda. Silikozi inatoka kwa vumbi la jiwe. Inaingia polepole, haiponi, na inafungulia kifua kikuu mlango. Mtu mmoja anaweza kuwa na mbili pamoja.

Munganga wa mapafu ndiye anayetenganisha. Anakuuliza kazi yako, na kama siku za kupumzika unapumua vizuri zaidi. Anakupulizisha kwenye mashine ya kupima pumzi, anaangalia radio ya kifua, makohozi yanaenda labo. Ikiwa ni pumu, kuna dawa ya kuvuta kwa mdomo. Ikiwa ni kifua kikuu, dawa ni za bure. Ikiwa ni silikozi, lazima kutoka kwenye vumbi mapema. Lakini dexamethasone unayojinunulia inaficha dalili, na inaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala.

Kuna pia haki. Kule Afrika Kusini, mwaka 2019, mahakama ya Johannesburg ilikubali mapatano ya randi miliare 5 kwa wachimbaji wa dhahabu wenye silikozi na kifua kikuu. Ili kulipwa, mgonjwa lazima athibitishwe na waganga. Kwetu, Sheria ya Kazi ya 2002 inamwomba mwenye kuajiri atunze mfanyakazi na jamaa yake wakigonjwa. Bila karatasi ya munganga, utamwonyesha nini?

Wengine wanasema munganga wa namna hiyo ni wa matajiri. Hesabu vidonge vyote ulivyonunua mwaka huu bila kupona, kisha tuongee. Na wengi wetu hatuna kontra. Basi kila kooperative iweke pembeni kitu kidogo kwa kila mfuko wa mawe, kwa safari na vipimo vya wagonjwa. Mabomba ya maji yafike pia pale bamama wanatwangia, juu jiwe lililolowa halitoi vumbi mingi.

Ukikohoa wiki mbili, anza kwa muuguzi mkuu wa kituo cha afya, upimwe makohozi. Kama kifua hakitulii, umwombe barua ya kukutuma kwa munganga wa mapafu. Barua hiyo usiikose.