Gari la umeme litasimama Olbalbal, la dizeli linapita tu

Kuna ubishi wa Simba na Yanga, na kuna ubishi wa dizeli na umeme. Huu wa pili nao una mashabiki wake damu damu, hasa kwa wapenzi wa magari wa Arusha na Karatu, ambao kwao Land Cruiser si chombo cha usafiri, ni timu. Mwambie mtu wa aina hiyo kwamba siku moja mkonga utapita Olbalbal bila kunguruma, atakutazama kama umemwambia Yanga wamehamia Msimbazi.

Ushabiki uwekwe pembeni kidogo. Injini ya 1HZ, ile dizeli ya lita 4.2 yenye pistoni sita na isiyo na turbo, ndiyo beki mkongwe wa kanda hii. Fundi yeyote anaijua, haina mambo mengi ya kompyuta, na ikigoma porini kuna namna ya kuibembeleza hadi kambini. Heshima yake ipo, hakuna wa kuinyang'anya.

Ila ina udhaifu ambao mashabiki wake hawapendi kuutaja: inapumua. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko kama mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 20 kuliko Dar au Tanga. Injini isiyo na turbo ikipungukiwa hewa inapungukiwa nguvu. Ni kama timu ya pwani iliyokwenda kucheza Addis Ababa: dakika ya 60 miguu imekwisha na kocha anaangalia benchi. Mota ya umeme haivuti hewa. Kwake ukingo wa kreta na Kariakoo ni kitu kimoja. Na ule mkonga wenyewe, bomba la kuvutia hewa lililolipa gari jina lake la mtaani, utabaki urembo tu.

Halafu kuna mteremko. Gari la tani 3 likishuka mita 600 kutoka ukingoni hadi chini ya kreta linaachia nishati ya kama yuniti 5 za umeme, zile zile za LUKU. Kwenye dizeli zote zinaishia kwenye breki na injini, joto tupu linalopotea hewani. Gari la umeme linarudisha sehemu ya hizo yuniti kwenye betri. Si kwamba ni za bure, maana kupanda nako kunadai chake, lakini anayepigia hesabu pedi za breki na mafuta ya mwezi mzima anaelewa hapa kinachozungumzwa.

Wanaosema haya ni ndoto za Wazungu wamechelewa. Mwaka 2018 kampuni ya Mount Kilimanjaro Safari Club ilileta magari ya umeme Serengeti, ya kuchajiwa kwa sola. Kenya, kampuni ya Opibus, ambayo sasa inaitwa Roam, ilishang'oa injini za dizeli kwenye Land Cruiser na kufunga mota na betri, na magari hayo yakaingia kazini Maasai Mara. Gari lile lile, bodi ile ile, paa lile lile la kufunguka. Kilichobadilishwa ni moyo.

Mashabiki wa rali wanalijua hili kuliko wote. Kuanzia 2022 magari makubwa ya WRC yalikuja Naivasha kwenye Safari Rally yakiwa na injini na mota ya umeme kwa pamoja, huku yakitumia mafuta yasiyochimbwa ardhini. Mwaka huo Toyota wakabeba nafasi ya kwanza hadi ya nne. Vumbi la Kenya halikuwaua. Lakini msimu wa 2025 mfumo ule wa umeme ukaondolewa, gharama zikitajwa. Wenye dizeli zao walishangilia kama wamefunga goli la ugenini. Wangesubiri kwanza: Formula 1 ya 2026 inachukua karibu nusu ya nguvu yake kwenye umeme.

Sasa turufu ya kweli ya upande wa dizeli ni umbali, na hapa wana hoja. Safari ya kutoka Karatu, kushuka kreta na kurudi jioni, ni kilomita mia na ushee, mwendo wa pole. Hiyo betri inaiweza. Lakini Karatu hadi Seronera ni zaidi ya kilomita 140 upande mmoja, barabara ya mawimbi inayotingisha hadi meno, na betri ni mzigo mzito. Chaji ikikata njiani huwezi kumwomba mwenzako dumu la lita 20.

Gesi nayo isitajwe sana huku. Bajaji na teksi za Dar zinafurahia gesi asilia, sawa, lakini bomba la kutoka Mtwara linaishia Dar es Salaam. Kwa dereva wa Karatu hiyo ni ligi ya nchi nyingine.

Ndipo Olbalbal inapoingia uwanjani. Ukishuka kutoka ukingo wa kreta kuelekea Olduvai na lango la Naabi, bonde hilo liko njiani. Kwa miaka yote wafugaji wa pale wamekuwa watazamaji wa msafara: magari yanapita, wao wanabaki na vumbi. Na vumbi hilo, isemwe wazi, halitaondoka kwa sababu ya betri. Tairi ni tairi. Tofauti ni kwamba gari la dizeli lenye tangi mbili halina sababu ya kusimama. La umeme linaloelekea Serengeti litalazimika kuchaji, na jua Olbalbal halina mgao. Watalii watashuka, watakaa saa nzima, watataka chai, kivuli, choo na kitu cha kununua.

Swali ni nani atamiliki hicho kituo. Kikiwa cha hoteli kubwa, Olbalbal itaendelea kutazama mechi kupitia uzio. Kikiwa cha kijiji, hata kwa ubia, hiyo ni ada ya shule na dawa ya ng'ombe. Mazungumzo hayo yanapaswa kuanza kabla ya nguzo ya kwanza kuchimbiwa, maana watu wa ndani ya hifadhi, ambako kilimo kimepigwa marufuku, hawana vyanzo vingi vya kuchagua.

Na wasitegemee sana gridi. Machi 2025 serikali yenyewe ilisema kanda ya kaskazini itanunua umeme kutoka Ethiopia, kwa kuwa ule wa mbali unapotea mwingi njiani. Sola na betri za akiba ndiyo kikosi cha kwanza, gridi ikae benchi.

Muda nao unakimbia. Uwanja wa watu 30,000 pale Olmoti, Arusha, ni wa kwa ajili ya AFCON 2027, na shabiki aliyetoka Dakar au Casablanca hatakaa hotelini siku tatu akisubiri mechi inayofuata. Atakwenda kuona simba wa kweli. Kampuni za utalii zinazotaka kufunga mota kwenye mikonga yao zina miezi, hazina miaka, na mafundi wa Karatu wanaojua nozeli kwa kusikiliza mlio tu wanahitaji mtu wa kuwafundisha nyaya za volti kubwa sasa hivi, kabla kazi hiyo haijaletewa wageni.