Serikali Nayo Itii Sheria ya Umeme

Sheria ya nchi ni ya kutiiwa na nani? Wengi hujibu upesi kwamba ni ya raia, na serikali kazi yake ni kusimamia. Jibu hilo nalipinga.

Kanuni za usimamizi wa nishati zilizotolewa Kenya mwaka 2012 hazikumlenga mwenye kiwanda peke yake; zilihusu biashara na taasisi pia. Mahali palipotumia uniti 180,000 za umeme au zaidi kwa mwaka palipaswa kukaguliwa angalau mara moja kila miaka 3, na angalau nusu ya akiba aliyoishauri mkaguzi ipatikane. Hospitali kubwa ya umma, au jumba la wizara lenye lifti na viyoyozi, hufika kiasi hicho bila taabu. Lakini mkaguzi huja, huandika, huenda zake, na taarifa yake huweza kutiwa kabatini. Siku zaidi ya 1,000 hupita kabla hajarudi, na pampu mbovu yaendelea kula umeme usiku na mchana kwa fedha za walipa kodi.

Hapo ndipo ifaapo akili bandia, yaani programu ya kompyuta ijifunzayo kutokana na hesabu nyingi. Mita za siku hizi zaweza kupeleka hesabu kila nusu saa. Karani hawezi kusoma hesabu hizo za majengo 500, programu yaweza. Hujifunza desturi ya kila jengo, saa zake za kazi na siku zake za joto, kisha huuliza: mbona jumba hili lililofungwa Ijumaa jioni limetumia umeme Jumapili usiku kama siku ya kazi? Mwaka 2016 kampuni ya Google ilitangaza kwamba akili bandia ya DeepMind ilipunguza umeme wa kupozea mitambo yake ya kompyuta kwa hadi asilimia 40.

Wako wasemao kwamba hiyo ni anasa ya mataifa tajiri. Anasa ipi? Anasa ni kulipia taa ziwakazo katika vyumba vitupu! Wengine husema kwamba mashine hizo zenyewe hula umeme mwingi. Ni kweli kwa mitambo mikubwa itungayo maandishi na picha. Kulinganisha hesabu za mita ni kazi ndogo, na kompyuta ya kawaida huiweza.

Pingamizi lenyewe hasa, nadhani, halisemwi kwa sauti. Programu haijui cheo. Itaitaja ofisi ya waziri kama itajavyo zahanati ya kijijini, na kwangu hiyo ndiyo sifa yake kubwa.

Hata hivyo, haiwezi kumwita mtu ajibu. Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya mwaka 2023, uliziagiza nchi wanachama zipunguze nishati itumiwayo na ofisi za umma kwa asilimia 1.9 kila mwaka, zikipimwa na matumizi ya mwaka 2021. Nasi tudai kipimo cha namna hiyo. Kila wizara na kila kaunti iwe na ofisa mmoja wa kupokea maonyo ya programu, ayajibu kwa maandishi katika siku 14, na majibu yake yabandikwe hadharani, kuanzia na wizara ya nishati yenyewe.