Kila mtu hosteli ni mganga wa chunjua!

Leo niacheni niseme. Ukionekana tu na chunjua mkononi, kila mtu anakuwa mganga: "funga kitunguu saumu", "tia maji ya betri", "kata na wembe". Jamani! Kitunguu saumu kibichi ukikifunga kwenye ngozi usiku kucha kinaweza kukubabua, na maji ya betri ni asidi kali. Unaamka na kidonda, chunjua iko palepale. Wembe nao unasambaza virusi pembeni.

Ndiyo, virusi, vinaitwa HPV. Habari za kushika chura ni porojo. Kuna chunjua za mikononi, kuna bapa za usoni, kuna za unyayo zinazouma ukitembea. Nyingi huondoka zenyewe, kwa watoto mara nyingi ndani ya miaka 2. Ndiyo maana kila dawa ya asili ina mashahidi: ilipakwa wakati chunjua inajiondokea! Una haraka? Famasi kuna dawa yenye asidi ya salisiliki, ila usoni usipake.

Na zile za sehemu za siri, masundosundo, usiziguse kabisa kwa kitunguu wala ndimu. Nenda hospitali, aibu weka pembeni.

Sisi ndio walimu wa kesho. Mtoto akija darasani na chunjua, wenzake wanamcheka, na wewe utamwambia kashika chura? Mnaobisha njooni tubishane.