Hesabu za Kichwa

Wako wenzangu wa rika langu ambao kila wakishika kalamu huomboleza kila kitu kilichopita. Mimi si mmoja wao. Pasi ya mkaa ilitutoboa mashati kwa cheche zake, na jiko la mafuta ya taa la kupampu lilitutoa machozi kabla hatujaionja chai. Mimi mwenyewe nilijua kupiga taipureta kwa vidole vyote kumi bila kuvitazama, nikapanga karatasi tatu na kaboni mbili zisiteleze, na sifa hiyo ndiyo iliyonipatia kazi. Leo ujuzi huo hauna mnunuzi, nami sijamlazimisha mtoto wangu yeyote kuurithi. Kazi ya mkono ikipata chombo kinachoifanya vizuri zaidi, mkono na upumzike.

Lakini uko ujuzi mmoja ambao nauona unachimbiwa kaburi, nami nakataa kushika jembe. Nao ni kuhesabu kwa kichwa.

Majuzi niliingia katika duka kubwa mjini kununua kilo tatu za sukari, kila kilo shilingi 2,800, na sabuni moja ya shilingi 1,500. Binti aliyekaa kwenye mashine akanitajia 11,400. Nikamwambia, “Mwanangu, ni 9,900.” Akatabasamu kwa heshima, akanijibu, “Mzee, mashine haikosei.” Nikamwomba ahesabu mwenyewe. Akaanza kutafuta simu yake. Nyuma yangu mstari ukawa mrefu, watu wakaguna, na kijana mmoja akaniambia nilipe tu, shilingi 1,500 ni kitu gani. Ilipotazamwa stakabadhi, sabuni ilikuwa imeingizwa mara mbili. Mashine haikukosea, waama. Ilijumlisha sawasawa kile ilichoambiwa.

Sikukasirishwa na binti yule, maana yeye alikuwa amechoka na kazi yake. Nilikasirishwa na mguno wa mstari mzima. Watu zaidi ya kumi, wote wamepita shuleni, waliona kwamba mwenye kosa ni yule anayehesabu.

Ili ueleweke uchungu wangu, ndugu msomaji, sina budi kukupeleka Usukumani, kwenye darasa chini ya mwembe. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kwetu Mwanza kisomo chenye manufaa kilikuwa kimekwisha kuanza, kwani mradi wa majaribio uliosaidiwa na UNESCO ulifika kanda ya ziwa mwaka 1968. Mama yangu alikwenda darasani jioni, baada ya shamba, akiwa na mdogo wangu mgongoni. Mwalimu alipowauliza wanafunzi wake wanataka kujua nini, wengi walisema wanataka kuandika majina yao. Mama akasema, “Jina langu nalijua. Mimi nimekuja kujifunza mizani.”

Alikuwa na sababu. Sisi tulilima pamba. Pamba safi ilikuwa na bei yake na pamba fifi bei yake, na katikati ya mkulima na fedha zake alisimama karani wa mizani. Karani alisoma kilo, karani akazidisha, karani akaandika, na mkulima akaweka dole gumba. Mtu asiyejua hesabu hakuweza hata kujua kama ameibiwa au hakuibiwa. Aliondoka na shaka tu, na shaka haishitakiki.

Mama hakuanza na kichwa kitupu. Alijua tangu utotoni kwamba vibaba vinne ni pishi, na kwa kipimo hicho alikuwa amegawa mtama wa nyumba nzima kutoka mavuno hadi mavuno bila kukosea. Darasa lilimpa tarakimu za kuvisha kile alichokijua. Msimu uliofuata alisimama mbele ya mizani na gunia la kilo 46, akazidisha bei kwa 40 kwanza, kisha kwa sita, akavijumlisha midomo ikimchezacheza, akasubiri. Karani akataja kiasi. Mama akataja chake. Karani akahesabu tena, na kiasi cha pili kikawa cha Mama. Nilikuwapo, mtoto wa miaka minane, na sijapata kuona mtu mzima akirefuka kwa ghafla namna ile.

Sasa tazama mwendo wa dunia. Mwanangu wa pili ana shahada ya chuo kikuu. Siku moja alipokea ujumbe kwenye simu kwamba ameingiziwa shilingi 85,000, na papo hapo mtu akampigia kwa sauti ya unyonge, kwamba amekosea namba, ni fedha za mgonjwa, tafadhali amrudishie. Mwanangu ana huruma. Alirudisha. Jioni alipotazama salio ndipo alipogundua kwamba hakuna kilichoingia, ila kimetoka.

Mwaka uliofuata mtego uleule ulimfikia Mama kijijini, kwa shilingi 60,000. Mama hakuwa na haraka. Alijua kwamba kabla ya ujumbe ule alikuwa na 23,500. Kama ujumbe ni wa kweli, sasa lazima awe na 83,500. Akafungua salio kwa namba yake ya siri, akakuta 23,500 zilezile. Akamwambia yule mtu kwa upole, “Mwanangu, hela yako bado iko kwako,” akakata simu.

Nilipomsimulia mwanangu habari hii alijitetea, na utetezi wake unastahili kujibiwa. Alisema, “Baba, hata mimi najua kujumlisha. Na kikokotoo cha simu kinajumlisha kuliko Bibi na mimi pamoja. Kwa nini nibebe kichwani kile kilichomo mfukoni?” Naam, anajua kujumlisha. Lakini kikokotoo hujibu kinapoulizwa tu. Hakiwezi kukugutusha kwamba hapa pana jambo la kuuliza. Kinachokugutusha ni ile hesabu ndogo inayopita kichwani yenyewe, bila kuitwa, kwa sababu imezoezwa miaka na miaka: nilikuwa na kiasi gani, ninapaswa kubaki na kiasi gani, mbona hiki hakifanani? Mwanangu alikuwa na chombo mkononi. Swali ndilo lililokosekana.

Basi hapo ndipo ninapotenganisha pasi ya mkaa na hesabu ya kichwa. Nikisahau kuwasha pasi ya mkaa, hakuna anayepata mamlaka juu yangu. Nikisahau kuhesabu, kila anayenitajia kiasi ananitawala kidogo. Na siku hizi tunatajiwa viasi kutwa kucha. Ukinunua umeme wa LUKU, unapewa tarakimu 20 za kubonyeza, na ndani ya fedha uliyotoa mna umeme, mna VAT, na tangu mwaka 2021 mna kodi ya majengo pia. Ni wangapi kati yetu husoma mchanganuo ule na kuulinganisha na fedha tuliyolipa? Ukituma fedha kwa simu kuna makato. Ukikopa kwa simu kuna riba, na inatajwa kwa asilimia ya siku chache ili ionekane ndogo. Karani wa mizani hajafa. Amehamia ndani ya kioo, na sisi tumerudia dole gumba, tena safari hii kwa hiari yetu.

Nitaambiwa kwamba nadhani kila mwenye mashine ni mwizi. La hasha. Mama alizidisha hata mbele ya makarani waaminifu, na waaminifu hawakuudhika. Aliniambia kwamba karani mwema hupenda kuhesabiwa, maana ndipo wema wake unapoonekana.

Siwaombi walimu wavunje kompyuta, wala simwombi kijana yeyote atupe simu yake. Naomba kitu kidogo. Nyumbani kwangu tumeweka sharti: kabla ya mtu kubonyeza, ataje kwanza kiasi anachodhani kitatoka. Akikosea hachekwi. Asipotaja, habonyezi. Mwanzoni walinung’unika, na mwanangu wa pili alinung’unika kuliko wote. Wiki iliyopita nilimtuma sokoni, akarudi na mia tano zaidi ya nilivyotarajia. Alisema muuza nyanya alikuwa amejumlisha kwa simu, naye akamwambia arudie.