Rangi Zimo Jikoni, Tuwachezeshe Watoto

Siku moja nilikuwa mgeni wa jamaa yangu huko Bahati, nje kidogo ya mji wa Nakuru. Yeye na mkewe ni watu wa pwani waliohamia bara kwa ajili ya kazi. Mama alimtuma bintiye wa miaka minne amletee kanga ya manjano iliyoanikwa uani. Mtoto akarudi na ya kijani. Akakaripiwa mbele ya wageni, akaambiwa hana akili. Kumbe rangi aliijua! Alipoulizwa kwa Kiingereza aliionyesha bila kusita. Alichokosa ni jina lake katika lugha ya mamaye.

Nasema kosa si la mtoto, ni letu wazazi. Tumeiachia shule kazi ambayo zamani ilifanywa na bibi huku amekalia mbuzi akikuna nazi.

Hebu tuyatazame majina yenyewe. Manjano ni bizari iliyomo mchuzini. Kijivu ni jivu la mekoni, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda, kijani ni jani, na samawati ni mbingu iliyo juu yetu. Mtoto wa Kiswahili akijifunza rangi hapewi neno tupu. Hupewa kitu cha kushika, kunusa na kuonja. Ya nini basi kununua vifaa vya bei ghali?

Mama anapopika, na aulize: "Nani ataniletea kitu chekundu?" Mtoto akileta nyanya, asifiwe: "Ahsante, nyanya nyekundu!" Akileta kitambaa, aambiwe ni chekundu, akileta maua, ni mekundu. Hapo amejifunza rangi na sarufi pamoja, wala hakuhisi kuwa yumo darasani.

Tuanze na rangi mbili tu. Kwanza mtoto atenge vitu vinavyofanana, kisha aonyeshe rangi anayotajiwa, na mwisho aitaje mwenyewe. Huko Bahati mashamba yanatosha kuwa darasa: kabichi za kijani, karoti za rangi ya chungwa, mahindi meupe. Na siku ya kutembea Ziwa Nakuru, wakiwapo heroe, aambiwe kuwa ile rangi yao ya waridi hutokana na chakula wanachokula majini.

Wako watakaosema mchezo ni upuzi, na kwamba mtoto afunzwe kwa fimbo. Hao nawakumbusha jambo moja. Wapo watoto, hasa wavulana, waliozaliwa na macho yasiyoweza kutofautisha nyekundu na kijani. Mtoto wa namna hiyo hata akichapwa kila siku hataona asichoweza kukiona. Mzazi anayecheza naye ndiye atakayegundua mapema, akampeleka kwa daktari wa macho na kumwarifu mwalimu, badala ya kumwita mjinga.

Sikatazi Kiingereza. Mtoto na akijue, kitamfaa. Lakini iwapo bibi wa Mombasa atamwomba mjukuu wake kanga ya manjano, naye asimfahamu, tutakuwa tumewatenga watu wawili wa damu moja ndani ya nyumba moja. Samaki mkunje angali mbichi, wazee walisema. Basi wazazi wenzangu, jioni ya leo kabla ya chakula, mwulizeni mtoto: bizari ina rangi gani?