Tafi azae kwanza

Tafi wa urefu wa kidole hafai hata kwa mchuzi. Miiba yake ina sumu, nyama hana, na sokoni atauzwa kwa fungu. Lakini malema yetu, mitego hii ya fito, yanamleta pwani kila siku, kisha tunaulizana samaki wamekwenda wapi. Hawakwenda popote. Tumewala wangali watoto.

Na huyu si samaki wa kusumbua. Tafi, au tasi kwa watu wa Unguja, anakula mwani na majani ya bahari hapa hapa ndani ya mwamba, na anakua upesi: akitimiza mwaka mmoja hivi yuko tayari kuzaa. Anayefuga mbuzi husubiri zaidi ya hapo, wala hatumsikii akilalamika.

Wakati wa kuzaa nao haujifichi. Kwa pwani ya Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 1990 ulitaja misimu miwili, Januari na Februari, kisha Mei na Juni. Tafi hukusanyika kwa makundi mahali maalumu na hufuata mwezi. Huko Praslin, Shelisheli, watafiti waliwatia vifaa vidogo vya kutoa mlio, wakawaona wakirudi pale pale karibu na mwezi mpevu. Wavuvi wa Msambweni wanayajua maeneo yao bila kifaa chochote. Mayai huzama na kunata chini. Watoto wakitoka huchukuliwa na maji kwa wiki kadhaa, ndipo warudi kwenye majani. Wakifika, lema linawangoja.

Dawa tunaijua. Fundi anapofuma lema aache upenyo wa wima, upana wa vidole viwili hivi. Tafi mdogo anapita, samaki kipepeo asiye na mnunuzi anapita, mkubwa anabaki. Jambo hili lilijaribiwa Kenya, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013: samaki wasiotakiwa walipungua, walionaswa walikuwa wakubwa zaidi, na kipato kikapanda. Hakuna mkopo hapo, wala mashine, wala semina ya hotelini. Ni fito zile zile na fundi yule yule.

Udhuru tumeusikia: nikimwacha mimi, mwenzangu atamvua. Kweli kabisa, na ndiyo sababu upenyo wa lema moja hausaidii kitu. Uwe wa bandari nzima. BMU, vikundi vya kusimamia fukwe, ziliundwa kwa kazi kama hii. Zikubaliane kwamba lema lisilo na upenyo halipandi chomboni. Na zile siku chache za mwezi mpevu, msimu wa kuzaa, malema yakae mbali na makusanyiko. Anayesema hapajui mahali penyewe amuulize babu yake.

Mkutano ujao wa BMU, kabla chai haijamiminwa, hesabuni malema yenye upenyo.