Lindo Limehamia Kwenye Simu

Kuna swali nimechoka kulisikia: "Mtu wa JKT na kompyuta, wapi na wapi?" Linaulizwa kwa kicheko, na wanaocheka mara nyingi ni sisi wasomi, watu wa vitabu na kahawa. Leo nalijibu, tena nikisimama upande wa vijana wa Kibondo na Kasulu.

Nyanda zile zina makambi. Kuna Kanembwa, iliyopo Kakonko, wilaya iliyomegwa kutoka Kibondo. Kuna Mtabila pale Kasulu, ambapo palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Burundi hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2012. Kijana wa kujitolea anakaa JKT miaka miwili. Anafundishwa gwaride, silaha, kilimo na ufundi, halafu anarudi nyumbani. Jeshi lenyewe halimdanganyi: matangazo yake yanarudia kila mara kwamba halitoi ajira, linatoa stadi za kujiajiri. Sawa. Ila mtaani kinachomsubiri ni geti la mtu, rungu na koti la baridi.

Na hili si jipya. Enzi za mkoloni, Buha ilikuwa ghala la vibarua. Wenye mashamba ya mkonge waliunda wakala wao, SILABU, mwaka 1944, ukawa unasomba watu kuwapeleka Tanga na kwingineko. Huko mtu alipoteza jina akawa manamba. Walichotaka kutoka Kibondo na Kasulu kilikuwa misuli. Sisi tumebadilisha sare tu. Misuli bado ndiyo tunayoitaka.

Wakati huohuo mwizi ameshahama. Haruki ukuta siku hizi, anatuma meseji: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Ripoti za TCRA zinaonyesha majaribio ya ulaghai wa simu mkoa kwa mkoa, Rukwa na Morogoro zikiwa mara nyingi juu kabisa. Hebu isome tena ile meseji, wewe mpenzi wa fasihi. Neno "ile" peke yake ni ufundi: linakufanya uamini kuna mazungumzo yaliyotangulia. Ni hadithi fupi kuliko zote tunazozisifia, na imemla mama muuza maharage pesa ya mtaji.

Sasa nani amefunzwa kuishuku hadithi kama hiyo? Mtu aliyesimama lindoni saa nane usiku akiuliza, "Simama! Nani wewe?" Asiye na neno la siri hapiti, hata akiwa na sura ya afande. Zamu, kukabidhiana lindo, kuandika kila tukio kwenye daftari, kutomwamini mtu kwa sauti yake: hiyo ni sehemu kubwa ya kazi ya usalama wa mtandao. Sisemi inatosha. Gwaride halimfundishi mtu jinsi kompyuta zinavyoongea zenyewe kwa zenyewe. Hilo ni somo la miezi mingi, linataka kompyuta, bando na umeme. Lakini silika ya mlinzi, ile ngumu kufundisha darasani, anayo tayari.

Wapo watakaoniambia: ukimfundisha kijana asiye na kazi namna mifumo inavyovunjwa, umemfundisha wizi. Jamani! Tulimfundisha kutumia bunduki, tukamrudisha kijijini bila kazi, hatukuogopa. Leo tunaogopa kibodi?

Mwaka jana nilizungumza na mmoja wao Kasulu mjini, akiwa getini. Ana simu janja na alishaanza kozi ya bure ya mtandaoni, akaiacha njiani. Nilidhani atalalamikia bando. Akasema, "Kaka, kule tulikuwa kombania nzima. Huku niko mwenyewe."

Jibu lote limo humo. Marekani, waliotoka jeshini wana umoja wao unaoitwa VetSec: wanafundishana, wanasukumana kwenye mitihani, aliyepata kazi anamwelekeza mwenzake. Israeli, Gil Shwed alitoka kitengo cha 8200 cha jeshi, na 1993 akaanzisha Check Point na wenzake. Angalia hilo neno, wenzake. Tofauti ni kwamba yeye jeshi lilishampa kompyuta, sisi tulimpa wetu jembe. Lakini wenzake, huyu wa Kasulu naye anao. Vijana wa operesheni moja wana magrupu ya WhatsApp hadi leo, wanachangiana misiba na harusi. Kinachozuia grupu hilohilo kuwa darasa ni nini? Mtihani wa Security+ ni zaidi ya dola 300, na mlinzi wa geti hawezi kuulipia kwa mshahara wake. Kumi wakichanga kama wanavyochanga msibani, mmoja anakaa kwenye mtihani, akishinda anamvuta wa pili.

Na kazi zinakuja. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kila SACCOS, hospitali na shule inayotunza majina yetu inatakiwa kuyalinda. Watalindwa na nani, wataalamu wa Masaki?

Na sisi wa fasihi? Kwenye rafu yangu askari wa Kiswahili anakwenda vitani, basi. Henry Muhanika alituandikia utenzi wa Vita vya Kagera na anguko la Idi Amin, ukatoka 1981. Askari anayerudi nyumbani na kutafuta kazi nilikutana naye kwa Abdulrazak Gurnah, kwenye Afterlives ya 2020, kwa Kiingereza. Masomo ya usalama wa mtandao nayo, Kiingereza. Tuna neno zuri kama "nenosiri", linalonukia lindo kabisa, lakini nani ameketi akaandika kijitabu cha kurasa arobaini kumweleza kijana wa Kibondo kinachotokea baada ya neno hilo kuibiwa?

Tunajua kutafsiri. Tunajua kusimulia. Tunagombana humu wiki nzima juu ya kiambishi kimoja. Basi tutoe jioni mbili kwa mwezi, tukae na grupu moja la waliotoka Mtabila au Kanembwa, tuwafasirie masomo, nao watufundishe kuuliza "nani wewe?" kabla hatujatuma ile hela.